Ndama Mwekundu

Watu waliokula fahali wa baba yangu walisema nyama yake ni ngumu. Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria za matanga, nimebeba sinia ya ugali, nikamsikia mwanamume nisiyemjua akimwuliza mwenzake, "Omera, ndugu, hii ni nyama ama ni tairi?" Wakacheka, wakaomba mchuzi zaidi. Siku hiyo yalisemwa maneno mengi mazuri juu ya marehemu, tena kwa kipaza sauti, na karibu yote nimeyasahau. Hilo la tairi sijalisahau.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Boma letu liko chini ya Awasi, upande wa kuelekea Ahero, ambako udongo ni mweusi na mvua ikinyesha hata kuku hutembea kwa taabu. Walimu wenzake walipostaafu walifungua maduka, wengine wakagombea udiwani wakaanguka. Yeye akaamua kumfufua ng'ombe aliyekwisha kufa duniani. Ndivyo watu walivyolisema, kwa kicheko, na mimi nalisema vivyo hivyo kwa sababu sijapata namna bora ya kulisema.

Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo marefu. Katika kitabu kimoja kikubwa cha maktaba ya shule mlikuwa na picha ya fahali iliyochorwa na watu wa kale kwenye mwamba, ndani ya pango huko Ulaya. Kitabu kilieleza kwamba ng'ombe wa kufugwa walitokana na ng'ombe wa mwituni, mkubwa, mrefu wa miguu, asiye na nundu, mwenye pembe zinazotazama mbele. Fahali wake alikuwa mweusi, na mgongoni alipitiwa na mstari wa rangi ya majani makavu, toka mabegani hadi mkiani. Mdomo wake ulizungukwa na weupe kana kwamba ametoka kunywa uji. Jike lilikuwa jekundu. Wa mwisho alikufa karne nyingi zilizopita, akabaki mchoro.

"Lakini hajafa kabisa," baba alikuwa akituambia mezani. "Amegawanyika tu. Huyu amebeba pembe zake, yule amebeba mstari wake. Kazi ni kuwakusanya."

Basi akaanza kuwakusanya. Kila siku ya mnada alikwenda Awasi na kofia yake na fimbo yake, akazunguka zizi zima, hamtazami ng'ombe kiwele wala unene kama watu wenye akili zao, anamtazama mdomo na mgongo. Wachuuzi wakamzoea. Walimwita "Mwalimu wa Ng'ombe Marehemu", na akifika walimwonyesha kila mnyama aliyekonda wakidai kwamba huyo ndiye babu yao wote. Alicheka nao, kisha akanunua ng'ombe mwembamba mwenye nundu ndogo ambaye hakuna mwingine aliyemtaka. Aliyezaliwa na nundu kubwa alimwuza. Aliyezaliwa na mstari alimweka, hata kama alikuwa kilema wa tabia na anapiga watu mateke.

Kwa ajili hiyo aliwauza ng'ombe wawili wa gredi, wa maziwa mengi, ambao mama alikuwa akiwakamua. Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kuwa chungu, na sisemi kwa mfano. Ng'ombe wa baba walitoa maziwa ya kujaza kikombe na kumwachia ndama mabaki. Sisi watoto tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni, na majirani waliokuwa wakinunua maziwa kwa mama wakawa wanampita barabarani na vibuyu vyao wakielekea kwingine. Mama hakupiga kelele. Alikuwa akimwaga chai ile kavu kikombeni mwa baba polepole, akimtazama usoni, hadi ifurike kwenye kisahani.

Kuna daktari wa mifugo kijana aliyekuja siku moja kuchanja, akamwambia baba ukweli, kwa heshima. "Mzee, hata ukifaulu, huyo hatakuwa yule mnyama. Atakuwa anafanana naye tu."

Baba akamjibu, "Hata mimi ninafanana tu na babu yangu. Na bado ninaitwa wake."

Yule daktari akarudi kwenye sindano zake. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya ndama, na niliona fahari ikinipanda kifuani. Hadi leo naamini daktari alikuwa na haki na baba pia alikuwa na haki, na haki zote mbili hazikuwasaidia kitu.

Kati ya watoto wake mimi peke yangu ndiye niliyeipenda kazi ile. Kaka yangu mkubwa alikuwa na masomo yake, kisha na Nairobi yake. Mimi nilifundishwa kukagua. Nilifundishwa kwamba ndama wa aina ile, awe wa kike au wa kiume, huzaliwa mwekundu. Jike hubaki hivyo. Dume, akikaribia kupevuka, huanza kuwa mweusi, na weusi huanzia shingoni nyuma ya masikio, ukashuka mabegani na ubavuni, ukaacha ule mstari wa mgongoni wazi. Kabla ya hapo huwezi kujua umepata nini. Weusi ule, baba alisema, unakuja na udume. Alilijua hilo kwa kuumia. Mwanzoni kabisa alimhasi ndama mmoja aliyemdharau, akamfanya wa plau, na ng'ombe yule akabaki mwekundu hadi uzeeni, huku ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja akigeuka mweusi tii. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya boma: hakuna ndama dume anayeguswa kabla hajaonyesha rangi yake.

Kwetu msichana huitwa ogwang', paka wa porini, kwa sababu hata ukimlea vipi siku moja ataondoka zake. Baba hakunipa jina hilo hata mara moja. Wengine walinipa. Nikaondoka kweli, nikaolewa, nikahamia Manyatta mjini Kisumu, na huko ndiko ninakoshonea sare za shule mpaka leo, kwenye kibanda kilicho mkabala na posho mill, kinu cha kusaga unga. Lakini simu ikilia asubuhi mapema nilijua ni yeye. Hakuniuliza habari za mume wala watoto. "Amezaa," alikuwa akisema. "Mstari uko, lakini nundu imerudi." Miaka ikaenda hivyo, mstari ukija nundu inarudi, nundu ikipungua pembe zinapinda.

Kisha mafuriko yakaja. Mto ulitoka usiku mmoja ukachukua zaidi ya nusu ya kundi, na majike wazuri kuliko wote walipatikana wamenasa kwenye ua wa miwa ya watu. Mama ndiye aliyesema, "Mungu ametusaidia kuchagua." Waliobaki walikuwa majike machache na ndama dume mmoja mwekundu, mwembamba kama fito, ambaye hakuna aliyemtilia maanani kwa kuwa mama yake alikuwa na sura mbaya.

Huyo ndiye aliyegeuka.

Baba aliponipigia simu, sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema neno moja tu, "Njoo." Nikafunga kibanda nikaenda. Nilimkuta fahali amesimama penye mti wa mkuyu, mweusi, mrefu, pembe zimetazama mbele, na juu ya mgongo wake ule mstari ulikuwa umenyooka kama mshono wa fundi aliyetulia. Nundu ilikuwa imebaki kama kumbukumbu tu. Mdomo mweupe. Alitutazama, hakuinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwogopa ng'ombe wa nyumbani. Baba alikuwa analia waziwazi. Baba mdogo, nduguye, ambaye boma lake limepakana na letu, alikuwepo, na majirani wawili watatu. Mbele yao wote baba akasema, "Huyu ndiye fahali wangu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomwua fahali.

Maana baba hakukaa sana baada ya hapo. Alianguka shambani, presha, tukamfikisha hospitali ameshakwenda. Nilimlilia kama mtu anavyomlilia baba yake. Lakini nikiwa bado na kitambaa machoni nikakumbuka fahali, na machozi yakakauka. Mzee mwenye boma akifa, lazima fahali atoke katika zizi lake mwenyewe achinjwe, waombolezaji wale. Na katika zizi lile fahali alikuwa mmoja. Majike wawili watatu walikuwa wamepandwa, lakini nani angeahidi kwamba mimba ile ni dume, na kwamba dume lile lina rangi? Baba mwenyewe alisubiri nusu ya maisha yake kumpata mmoja.

Nikafanya nililoweza. Nilikwenda mnadani Awasi kwa miguu yangu, mwanamke, nimevaa nguo ya msiba, nikachagua dume la watu, nene, la mchanganyiko, lenye shingo kama gunia la mahindi. Wachuuzi walinionea huruma hata wakaacha utani. Nikamleta nyumbani, nikamfunga mlangoni pa boma, nikaenda kwa baba mdogo.

"Baba," nikamwambia, "huyu achinjwe. Yule mweusi abaki. Ni kazi ya ndugu yako yote iko ndani yake."

Baba mdogo si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi kwangu. Alinishika mkono, macho yake mekundu kwa kulia. "Nyathina, mwanangu," akasema, "wewe unataka tuzike mwalimu na ng'ombe ya soko? Kama mtu hana boma? Na yeye mwenyewe alisema, mimi nilikuwa hapo, alisema huyu ndio fahali yangu. Sasa nikichinja ingine nitamwambia nini?"

"Alisema hivyo kwa sababu alimpenda."

"Ndio hiyo. Si ndio hiyo?"

Nikamgeukia kaka yangu, aliyekuwa amefika na gari na kamati yake ya mazishi. "Sista," akasema, "hiyo mambo ya wazee mimi siingilii. Watu wameshaona hiyo ng'ombe, ni smart sana, wanaiongelea. Tukiificha watasema tumenyima mzee."

Nikamwendea mama. Alikuwa ameketi chini kando ya jeneza, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Neno la mjane lina uzito. Angesema moja tu, fahali angepona. Nikapiga magoti nikamnong'onezea. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, hakunong'ona, "Watoto wangu walikunywa chai kavu kwa ajili ya huyo ng'ombe. Acha aliwe."

Wanawake wakatazama pembeni. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutotaka kumgusa, na papo hapo nilikumbuka kikombe kile kikifurika kwenye kisahani.

Asubuhi ya kuamkia mazishi wakafanya tero buru. Ndiyo desturi ya kumfukuza mauti: wanaume hukusanya mafahali, huwaendesha mbio hadi mpakani na kurudi, kwa filimbi na ngoma na matawi ya miti, vumbi juu. Fahali wa baba aliongoza. Hakuna aliyemfundisha. Alitoka zizini kichwa juu, wengine wakamfuata, na waliokuwa wamejiandaa kumwendesha wakajikuta wanamkimbilia nyuma, kisha wanamkimbia. Alivunja ua wa jirani, akageuka, akasimama peke yake katikati ya njia ubavu wazi, na jua lilikuwa limetoka kiasi cha kuuwasha ule mstari. Watu wakapiga vigelegele. Kila simu ilikuwa juu. Nilimsikia mzee mmoja akisema, "Hiyo ni ng'ombe ya zamani kabisa," na nikataka kumkumbatia, kwa sababu baba alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu nikiwa mtoto, naye alikuwa amelala ndani ya sanduku hatua chache tu kutoka pale.

Yule mzee aliendelea, "Hiyo ndio inafaa mwalimu." Akaomba kisu kiletwe.

Na dume langu la Awasi? Kufa kufaana. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko walivyotarajiwa, basi wakawachinja wote wawili. Baba mdogo alinishukuru mbele ya watu kwa moyo wangu wa kutoa. Nyama ya yule wa soko ilisifiwa, ilikuwa laini na ina mafuta. Nyama ya fahali wa baba ilihitaji kuchemshwa hadi jioni, na nimekwisha kueleza ilivyosemwa.

Baada ya matanga majike yaligawanywa. Mawili yalibaki kwa mama, na kaka yangu, kwa nia njema kabisa, akamwita mtu wa kupandikiza mbegu za gredi kwa sindano. Mmoja ilibainika kwamba tayari ana mimba, hivyo akaachwa. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Mimba ilikuwa ya fahali wa baba.

Alizaa dume. Jekundu, mdomo mweupe, miguu mirefu isiyojua pa kukaa. Baba mdogo ndiye aliyenipigia, maana yeye sasa ndiye anayeangalia ng'ombe wa mama. Nikamwambia kwenye simu, pale kibandani, mashine zote zimesimama wasichana wangu wakinisikiliza: "Baba, naomba kitu kimoja tu. Asiguswe. Mpaka ageuke rangi, asiguswe."

"Sawa, nyathina. Hakuna mtu atamgusa."

Na alimaanisha. Kila nilipokwenda nilimkuta ndama anakua, mkorofi, anatishia kila kitu hadi mabeseni. Nundu haikuonekana kabisa. Pembe zilipoanza kuchomoza zilianza kutazama mbele. Sikumwambia mtu. Nilirudi Manyatta nikashona suruali za darasa la kwanza, na nilijikuta nazungumza na baba kwa sauti, namwambia nundu haijarudi.

Kisha ndama akamwangusha mama. Alikuwa anatoka kuchota maji, naye akamjia kwa nyuma akampiga na kichwa. Mama akavunjika mkono. Baba mdogo hakunipigia simu kuniuliza, na sidhani alifikiri kuna la kuniuliza. Mjane wa ndugu yake alikuwa ameumizwa katika boma ambalo yeye ameachiwa kulilinda. Alimwita mtu mwenye koleo la kuhasia. Kazi yenyewe haichukui muda.

Nilifika siku chache baadaye kumjulia mama hali. Mama alikuwa na plasta mkononi. Alinitilia chai kwa mkono mmoja, chai ya maziwa, nzito, kwa sababu ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa na kaka yangu alikuwa amezaa na maziwa yamerudi katika nyumba ile. Ilikuwa chai tamu. Niliinywa yote, nikaongezwa, na sikuweza kumtazama. Majirani wameanza tena kuja na vibuyu vyao.

Halafu nikatoka nje. Ndama alikuwa amefungwa chini ya mkuyu, ametulia. Nilimsogelea, nikaweka kidole nyuma ya masikio kama nilivyofundishwa. Pale, kwenye ule wekundu, palikuwa na nywele nyeusi. Chache, kama madoa ya masizi. Zilikuwa zimeanza.

Siku hizi ni maksai mkubwa. Anavuta plau katika shamba lile lile la baba, amefungwa nira pamoja na ng'ombe wa nundu wa baba mdogo, na wote wawili wanakwenda sawa. Mara ya mwisho nilipokwenda baba mdogo aliwasimamisha mwisho wa mtaro ili nimsalimie. Akampiga yule mwekundu kofi la upendo mgongoni, mahali ambapo mstari ungekuwa.

"Umeona vile ametulia?" akaniambia. "Hasira iliisha kabisa. Ng'ombe kama hii baba yako alitafuta sana, maskini, hakupata."

Nikamwambia ndiyo, ametulia. Nikajifanya namfukuza nzi, nikamgusa nyuma ya masikio. Zile nywele nyeusi bado zipo, na hazijaongezeka.